Miaka Miwili ya Kumsemea Bibi

Kazi yangu ilianza Jumanne ya pili ya mwezi wa kwanza, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mbele ya dirisha la mapokezi la kliniki moja iliyomo ndani ya jengo la maduka huku Malvern, mtaa wetu wa jiji la Toronto, Kanada. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuiomba kazi hiyo, wala hakuna aliyenihoji. Mama alikuwa zamu Pickering, mji wa jirani, anakotunza wazee. Baba alikuwa kazini kwake, ghalani. Bibi alikuwa na goti lililovimba. Nikabaki mimi, na mimi ni mtu ambaye darasani hata nikijua jibu huomba mwalimu asiniulize.

Naandika haya nikiwa nimestaafu. Najua mtacheka, maana miaka kumi na saba sijaitimiza. Lakini nimeyapitia madaftari yangu ya kila siku nikaona nina miaka miwili na ushei ya utumishi, vituo vinne, na wakubwa wa kila namna. Na kwenye maghorofa yetu haya wako watoto ambao mwaka huu au mwakani wataamshwa asubuhi na kuambiwa, "Leo shule huendi, unampeleka Bibi." Hao ndio ninaowaandikia.

Bibi Mwanaidi ni mama yake Baba. Ni mtu wa Tanga, lakini aliishi Leicester, Uingereza, zaidi ya miaka ishirini, na uraia wa Uingereza anao. Kiingereza hana. Watu hushangaa, ila mtaa ule ungeuona usingeshangaa: alinunua vitu kwa Kigujarati, akasali kwa Kiarabu, akagomba kwa Kiswahili, na Kiingereza hakikupata nafasi. Mimi nilizaliwa huko huko, nikalelewa mgongoni kwake. Baba alipopata kazi Toronto tukahama, na mwaka uliofuata Bibi akaja kutembea. Matembezi yakaongezwa muda, yakaongezwa tena, mpaka tukasahau kwamba ni matembezi.

Siku ile ya kwanza, Mpokezi aliuliza kadi ya afya. Hii ni kadi ya mkoa, na ukiwa nayo daktari hakudai kitu. Sisi wengine tulipewa kwa sababu ya kibali cha kazi cha Baba. Bibi akafungua mkoba, akatoa pasipoti yake nyekundu, akaitandika juu ya kaunta kama mtu anayeshusha turufu.

"Mwambie sisi Waingereza," akasema.

Mpokezi akaitazama pasipoti, akanitazama mimi.

"Mwambie Mfalme wao na Mfalme wetu ni mmoja. Kama habari hana, atazame sura iliyo kwenye hela zake."

Nyuma yetu palikuwa na foleni. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, "Bibi anauliza kama hii inafaa." Ndiyo tafsiri yangu ya kwanza kazini, na kama mnavyoona, siyo yaliyosemwa.

"Hii ni ya uwanja wa ndege, mwanangu," Mpokezi akanijibu, wala hakuwa mkali. "Hapa ni kadi. Hana kadi, atalipa."

"Anasemaje?"

"Anasema tusubiri, Bibi."

Tulilipa, tukasubiri. Ukutani palikuwa na tangazo ambalo baadaye nililiona karibu kila kliniki ya aina ile, zile za kuingia bila miadi: *Tatizo moja kwa kila ziara.* Maana yake daktari ana dakika chache, na ukija na goti uondoke na goti. Kikohozi kina siku yake. Nilipomweleza Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sasa mwili wenyewe umeambiwa?"

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Daktari wa Zamu, kijana mwenye sauti ya haraka. Aliingia akasema, "Habari za leo?" Bibi akajibu, "Salama, alhamdulillahi." Nikatafsiri, kwamba yuko salama. Daktari akasema vizuri sana, akaanza kuandika, na nusura tutoke bila goti kuonwa. Hilo ndilo somo la kwanza la ukalimani, yaani kazi ya kuwapitishia maneno watu wawili wasiosikilizana. Kwetu mtu huwa salama kwanza, hata akiwa anakata roho, na ugonjwa hutajwa baada ya salamu kwisha. Kwao salamu ndiyo swali lenyewe. Tangu siku hiyo salamu za madaktari nilizijibu mwenyewe, sikumfikishia.

Nilijifunza mengine. Daktari akisema Bibi apunguze kula, nilisema, "Anasema mwili umekuelemea kidogo." Bibi akisema, "Katoto haka kataijua presha yangu kweli?" nilisema anashukuru. Niliona ndiyo adabu ya kazi, na kwa muda mrefu hakuna aliyedhurika.

Kituo changu cha pili kilikuwa ofisi ya serikali ya mkoa inayotoa kadi zile. Bibi alikwenda na bahasha nzima: namba yake ya matibabu ya Uingereza, barua ya presha, hata kile kibangili cha plastiki alichovishwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Ofisa wa Dirisha alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alivitazama vyote, kimoja kimoja, hata kibangili. Sitamsahau kwa hilo.

Kisha akaniambia, "Mweleze Bibi yako hivi. Pasipoti inanieleza yeye ni raia wa wapi. Mimi sikuuliza hilo. Mimi nauliza anaishi hapa kwa kibali gani."

"Amekuja kututembelea," nikasema.

"Basi kwetu ni mgeni. Na nchi yake na nchi hii hazina mapatano ya kutibiana wageni."

Bibi akauliza, "Kwani wamegombana?"

"Hawajagombana, Bibi. Hawajaandikiana tu."

"Haya. Mwambie nitatibiwa kwetu, Leicester. Kule wananijua."

Jioni Baba alimpigia Shangazi, dada yake aliyebaki Leicester. Shangazi akaenda kuuliza kwa daktari wa mtaa, akarudi na jibu kwamba jina la Bibi limeshafutwa, kwa kuwa amehama. Matibabu ya kule hufuata ukaazi, yaani mahali unapoishi kweli kweli, siyo rangi ya pasipoti. Akirudi kuishi, ataandikwa upya. Akiwa anaishi Kanada, huyo si wao.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Bibi hakuwemo kwenye daftari lolote. Huku mgeni, kule amehama. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: *Je, akiugua kweli?* Nikakata mstari juu yake, kama vile kuliandika kungelileta.

Kituo cha tatu kilikuwa idara ya dharura ya hospitali, siku presha ilipompanda Bibi akaona maruweruwe. Hapo unakutana kwanza na Muuguzi wa Mlangoni, ambaye haangalii nani amewahi bali nani ana hali mbaya, na ndiye anayepanga zamu. Anauliza maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Kichwa kinauma kiasi gani, Bibi? Sema namba."

"Maumivu kwani maembe, yahesabiwe? Mwambie namshukuru Mungu."

"Bibi, namba."

"Aweke atakayo."

Nikaweka tatu. Nilikuwa nimekwishamsikia mtu mwingine akisema tatu, nikaona ni namba ya heshima, haina makelele. Tulikaa saa sita. Alipopimwa ikaonekana presha iko juu mno, na Daktari wa Dharura akaniuliza, siyo kwa ukali, "Nani aliyesema tatu?" Bibi alitibiwa, akarudi nyumbani akitembea, na mimi nikajifunza kuogopa mdomo wangu.

Sasa nije kwenye lile ambalo bila hilo nisingeandika haya yote.

Mwezi wa kumi wa mwaka jana nilikuwa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu. Nguo za Bibi nazifua mimi. Kwenye kanga moja nikakuta damu. Nikafikiri ni yangu, nikahesabu siku, haikuwa yangu. Nikapanda juu nikamkuta anachambua mchicha.

"Bibi, umejikata?"

Alinitazama. Kwetu bibi na mjukuu wana utani, na Bibi huniita mke mwenzangu, kwa kuwa Babu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mke wake. Mambo ambayo Mama hawezi kuyataja mbele yangu, Bibi huyataja akicheka. Siku hiyo hakucheka.

"Mke mwenzangu, mambo yamenirudia uzeeni. Mungu anataka nizae tena, eti?"

"Tangu lini?"

"Wiki hii tu. Itakwisha. Utaninunulia pedi ukinunua zako. Na baba yako asijue."

"Kwa nini asijue?"

"Akijua atanirudisha. Huku sina kadi, atafanyaje? Atanipakia kwenye ndege, nikakae peke yangu na televisheni. Shangazi yako anatoka alfajiri anarudi usiku." Akakata mchicha. "Hii ni yetu wawili."

Nitasema kweli, maana mtu akistaafu hana cha kuficha. Siyo kwamba nilinyamaza kwa sababu ya heshima tu. Nilinyamaza kwa sababu na mimi sikutaka arudishwe. Shuleni sina rafiki wa kumtaja jina. Nikirudi, mtu ninayezungumza naye ni Bibi. Tangu aje tulikuwa tukilala chumba kimoja, vitanda vimepishana hatua moja, na ninayoyaandika kwenye daftari nilikuwa namsomea, yaliyo mengi. Kwa hiyo siri yake ilinifaa.

Nilitafuta kwenye simu. Nilisoma kwamba mwanamke aliyekwishakoma hedhi, akiona damu, aende kwa daktari bila kungoja. Inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza kuwa kansa ya kizazi. Nilifuta kurasa zote, kama mwizi.

Wiki ikawa mwezi. Nilinunua pedi zake na zangu kwenye maduka mawili tofauti, ili mtu wa malipo asishangae. Mwezi wa kumi na mbili goti likavimba tena, tukarudi kliniki ya kwanza, kwa Daktari wa Zamu yule yule.

"Leo ni nini?" akauliza.

Nikamgeukia Bibi. Nikamwambia polepole, "Bibi, tulisema leo tutaitaja ile damu."

Hatukuwa tumesema. Nilikuwa namwomba.

"Goti," akasema Bibi. "Mwambie goti."

"Bibi, wanapokea tatizo moja tu."

"Ndilo hilo. Goti ni ugonjwa wa heshima. Huyu ni mtoto wa kiume, nimzae mara ngapi, leo nimwambie mambo yangu ya ndani? Na wewe umsimulie kwa mdomo wako? Hata haya huna!"

Daktari alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

"Ni goti," nikasema.

Nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno, mara yangu ya kwanza pengine, na nilikuwa nadanganya. Akampa dawa ya kuchua. Njia nzima Bibi alikuwa mchangamfu, akanisifu kwamba Kiingereza changu kimekomaa.

Kituo changu cha nne na cha mwisho kilikuwa kituo cha afya cha jamii, Scarborough, upande wetu huu huu wa jiji. Mama ndiye aliyesikia habari zake kazini: kwamba wanapokea hata mtu asiye na kadi, hawamuulizi alivyofika nchini. Akatuandikia miadi ya presha, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili. Yeye alijua presha. Damu ilikuwa na miezi minne.

Mkubwa wa pale alikuwa Muuguzi Mkuu, mwanamke mrefu, mwenye kutembea kama anahesabu vigae. Nilisimama karibu na kiti cha Bibi, mahali pangu pa siku zote.

"Wewe una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi na sita."

"Shule leo?"

"Ipo."

"Nani alikwambia uje kutafsiri?"

Akavuta kiti cha plastiki akakiweka pembeni, chini ya chati ya meno. "Hapa watoto hawatafsiri wagonjwa. Si kosa lako. Leo wewe ni mjukuu. Kaa pale."

Ndivyo nilivyoachishwa kazi. Hakuna barua. Nilikaa chini ya yale meno, mikono sijui niiweke wapi.

Akapiga simu, akaiweka mezani, sauti ikiwa wazi kwa chumba kizima. Palikuwa na mkalimani upande wa pili, mwanaume, na kwa Kiswahili chake ulijua ni mtu wa Kongo. Muuguzi akamwambia atueleze sheria, naye akaeleza: "Jambo mama. Mimi niko mkalimani. Kila neno litasemwa ndani ya chumba hicho, nitalitafsiri lote. Siongezi, sipunguzi. Na siri itabaki siri."

Bibi akanigeukia. "Mwanaume?"

Mkalimani akatafsiri: Mama anauliza kama ni mwanaume.

Muuguzi akasema mwanamke anaweza kupatikana wiki ijayo, kama Bibi anapenda kungoja. Bibi akasema hapana haja, presha haina jinsia. Mkalimani akalitafsiri hilo pia, na Muuguzi akacheka. Bibi alipoona mzaha wake umevuka upande wa pili ukiwa mzima, alishangaa, akaketi vizuri.

Presha ikapimwa. Dawa zikaulizwa. Kisha maswali yakaanza kushuka mwilini: kichwa, kifua, tumbo. Nilijua yanakoelekea.

"Mama, muuguzi anauliza: kuna damu yoyote inatoka, ile isiyo ya kawaida?"

"Hakuna," akasema Bibi.

"Hakuna," akatafsiri mkalimani.

Muuguzi akainamisha kichwa kuandika. Niliiona kalamu ikigusa karatasi.

"Ipo," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili. Nilikuwa namwambia Bibi, siyo wao. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini simu ilikuwa mezani, na mtu yule alikuwa na sheria yake.

"Mjukuu anasema ipo," akatafsiri.

Kalamu ikasimama.

"Wee mkalimani," Bibi akasema upesi, "hiyo usimwambie!"

"Mama anasema hiyo nisikwambie," mkalimani akatafsiri, kwa sauti ile ile moja.

Mimi nilianza kulia. Muuguzi Mkuu aliiweka kalamu chini, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akangoja. Mkalimani naye alingoja, kwa kuwa hapakuwa na neno la kutafsiri. Bibi aliitazama simu. Kisha akasema, kana kwamba anamwambia mtu wa mbali asiyemjua, na pengine ndiyo maana aliweza, "Miezi minne. Mwanzo matone. Sasa si matone."

Muuguzi alieleza yote bila haraka. Inaweza kuwa ndogo, inaweza kuwa kubwa, haijulikani mpaka kizazi kipigwe picha na kinyama kidogo kichukuliwe kikachunguzwe. Kituo kinaweza kuanzisha hivyo viwili. Lakini ikihitajika kupasuliwa, bila kadi mambo yatakuwa magumu. Akamwita Ofisa wa Ustawi wa Jamii, aliyesema lile tulilokwishalisikia kwa Shangazi, ila safari hii kama mlango: akirudi Uingereza kwa nia ya kuishi, ataandikwa na kutibiwa kama mwenyeji, tangu siku hiyo.

"Na mwanangu atajua?" Bibi akauliza.

"Mwili ni wako," Muuguzi akasema. "Sisi hatumwambii mtu. Lakini usiubebe peke yako. Na usimbebeshe mtoto."

Kwenye basi Bibi alikaa viti viwili mbele yangu. Nyumbani Mama akauliza vipi, Bibi akajibu presha si mbaya, akaingia chumbani. Tulilala vitanda vyetu vya hatua moja. Nilimwambia, "Bibi, nisamehe." Akasema, "Mke mwenza ni mke mwenza. Mwishowe atakuuza." Kisha akageukia ukutani.

Sasa niwape matokeo, maana najua mnangoja. Picha na kinyama vilifanyika Scarborough. Majibu hayakuwa mazuri, ila hayakuwa mabaya kuliko yote. Baba alimpeleka mwenyewe Leicester. Shangazi alibadili zamu. Bibi akaandikwa upya, akapasuliwa mwezi wa tano, kizazi chote kikatolewa. Daktari wa kule amesema ni lazima aonwe kila baada ya miezi mitatu, na mpaka sasa ameonwa mara moja. Simu ikilia saa zisizo za kawaida, mimi ndiye ninayeikimbilia. Kitanda chake kipo. Mama alitaka kukiondoa nikasema tungoje.

Hupiga simu Jumapili. Mwezi mzima wa kwanza alizungumza na Baba na Mama, mimi nikasalimiwa kwa mbali. Siku moja akasema, "Huku wamenipa mkalimani, msichana wa Mombasa. Ana kiherehere! Nikimtukana daktari, anamtafsiria."

"Ndiyo kazi yake, Bibi."

"Wewe ulikuwa unamwambiaje?"

"Nilikuwa nasema unashukuru."

Akacheka kile kicheko cha kujifuta machozi, nami nikaingia bafuni na simu ili wasinione.

Kwa mnaonifuata sina mawaidha makubwa. Mkifika dirishani, ulizeni kama kuna mkalimani wa simu. Mara nyingi yupo, ila hakuna anayewaambia. Msiweke tatu. Na mkijikuta mmejua jambo ambalo hamtaki lijulikane, jiulizeni mnamfichia nani. Mimi nilichukua miezi minne kujiuliza. Watu huniambia ilitosha, kwamba tuliwahi. Huenda. Miezi ile ningeweza kuirudisha, ningeirudisha.

Nimebakiza asubuhi moja, ile ya kesho yake baada ya kituo cha nne, Ijumaa.

Niliamka kabla ya Bibi kumaliza sala ya alfajiri. Baba hutoka saa kumi na mbili kamili. Nilikwenda jikoni nikamkuta amesimama anakunywa chai, viatu bado mkononi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Bibi anakuhitaji kabla hujaondoka."

"Ana nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. "Atakwambia mwenyewe," nikasema.

Nikarudi chumbani mbio. Bibi alikuwa bado kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

"Nimemwita Baba."

Akasimamisha vidole. "Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Nimesema unamhitaji."

"Na nikinyamaza?"

"Atakwenda kazini."

Alinitazama. Alikuwa mdogo sana pale chini, sikuwahi kumwona vile. "Basi kaa hapa, useme wewe. Si ndiye msemaji?"

"Hapana, Bibi. Nyinyi mnasikilizana."

Baba akaingia, akainamia mkono wake. "Shikamoo Mama. Kuna nini, Mama?"

Nikamsogezea kiti cha meza yangu ya kusomea. Nikachukua begi la shule na koti, nikatoka, nikaufunga mlango wa nje mpaka kitasa kikalia. Lifti yetu iko karibu na chumba chetu, ukuta mwembamba, na asubuhi huchelewa. Ningesimama pale ningesikia. Kwa hiyo nilishuka kwa ngazi, ghorofa zote tisa.